Maharage ya Gurupu

Safari kutoka Kindu hadi Uvira ilinichukua siku kumi na tisa, na kati ya hizo, siku ambazo treni ilitembea hazikuzidi nne. Nilikuwa na sanduku la mbao, blanketi, na cheti changu cha sekondari ambacho mama alikishonea mfuko wa kitambaa ili jasho lisikiharibu. Uhuru ulikuwa umekuja mwaka uliotangulia. Sisi tuliosoma kwa mapadri tulikuwa tumeambiwa kwamba Wazungu wakiondoka wataacha viti, na kila kiti kitahitaji mtu anayejua kuandika. Kindu viti vilikuwa vimeshajaa. Mtu mmoja kituoni akaniambia kwamba Uvira kuna bandari, kuna forodha, kuna pamba, na wenyeji ni wavuvi wasiopenda kukaa ofisini. Nilimwamini. Nilikuwa katika umri wa kuwaamini watu wa vituoni.

Kongolo treni ilikaa. Kabalo tulibadilisha treni, na hiyo nayo ikakaa. Tulilala chini ya mabehewa, tukasikia habari za vita kutoka kusini ambazo kila msimuliaji alizisogeza karibu zaidi. Nilipofika Albertville blanketi langu lilikuwa limegeuka mihogo na mihogo imekwisha. Hapo meli ya mizigo iliyokuwa ikipeleka saruji kaskazini ilinichukua bure, kwa sharti la kumsaidia mtu wa mashine.

Chumba cha moteri kilikuwa na joto la tanuri. Lakini jambo moja lilinishangaza: mashine ilikuwa kubwa kiasi kile, na bado ukisimama juu ulisikia mngurumo mdogo tu. Mtu wa mashine alinionyesha kwa nini. Bomba la moshi lilitokea chini ya maji. Ziwa, alisema, ndilo linalomeza kelele. Nimesahau mengi niliyofundishwa na mapadri, ila neno lile sikulisahau, na ingekuwa heri ningelisahau.

Uvira ni mji mwembamba. Milima iko nyuma, ziwa liko mbele, na watu wanaishi katika nafasi iliyobaki. Niliteremka Kalundu, kwenye bandari, asubuhi nikiwa mweupe kwa saruji, nikatembea hadi forodha, nikakuta watu wenye vyeti kama changu wamepanga mstari tangu juzi. Kiti changu hakikuwepo. Nilibeba mizigo bandarini kwa miezi kadhaa, na nilichopata ni chumba mtaa wa Kasenga, kwenye ua wa mzee mmoja aliyekuwa shofere wa Mzungu mpimaji wa ardhi.

Nilimwita Baba na mke wake Mama, kama walivyoitwa na mtaa mzima, ingawa hawakuwa na mtoto. Mama alikuwa na mwili mkubwa, sauti kubwa, na miguu iliyokufa. Homa iliipata miguu ile miaka mingi kabla yangu na haikuirudisha. Alishinda barazani kwenye mkeka, akichambua ndagala, dagaa wa ziwa lile, na kuwachambua wapita njia. Siku ya kwanza aliniangalia kutoka juu hadi chini, akakaa sana kwenye mabega yangu.

"Huyu wa Kindu iko na mugongo," alimwambia mume wake. "Muache akae."

Nyuma ya nyumba, chini ya kibanda cha mabati, lilikuwapo gari-nyumba. Nitalieleza kwa sababu sijaona jingine kama lile, na nimefanya kazi katika magaraji ya nchi nne. Lilikuwa kamio, yaani lori, kubwa la mazutu, dizeli kama wasemavyo kwingine, mgongoni limebeba chumba cha mbao na bati chenye madirisha mawili. Ndani mlikuwa na kitanda cha turubai na mabomba, meza inayokunjwa, beseni la kunawia, jiko la umeme lenye sahani moja, taa, na mbao ndefu za kupimia ardhi zilizochorwa namba nyekundu na nyeusi. Ubavuni, ndani ya sanduku la chuma, ndimo lilimokuwa gurupu. Uvira hakuna aliyesema jenereta. Ilikuwa gurupu tu, mashine ndogo ya esanse, yaani petroli, iliyotoa umeme wa nyumba ile ya magurudumu.

Mpimaji alizunguka nalo bonde lote la Ruzizi. Siku chache baada ya uhuru alivuka kwenda Usumbura kwa motokari ndogo. Alimwachia Baba funguo na kumwomba alitunze gari, atarudi. Hakurudi wala hakuandika. Mtaani watu walimcheka Baba, wakasema Mzungu amekwenda na uhuru umefika, lakini yeye bado ni boi wa gari. Na mimi nilidhani hivyo hivyo, mpaka nilipomuuliza waziwazi. Alikuwa anapaka grisi vichwa vya batri na hakuacha kupaka.

"Weye unaona nchi hii itatulia?" aliniuliza. Nikasema sijui. Akaonyesha baraza kwa kidevu. "Siku watu wakikimbia, kila mtu atakimbia na miguu yake. Huyu atakimbia na nini?"

Tangu siku hiyo nilijua gari lile lilikuwa la nani. Sikucheka tena. Nikaanza kumsaidia, kwanza baada ya kazi ya bandari, halafu badala yake.

Baba alikuwa na imani moja, kwamba gari haliuawi na safari, linauawa na kusimama. Kwa hiyo alipigana na kusimama kila siku. Alilinyanyua juu ya magogo ili pine, yaani matairi, zisioze upande mmoja, akazivua, akazipanga chini ya kitanda cha Mama. Mama alikuwa akisema yeye ndiye mwanamke pekee wa Uvira anayelala juu ya gari. Breki hakuzifunga, zisije zikashikana. Pedali ya ambreyaje, yaani klachi, aliikandamiza kwa kijiti, sahani zisigandamane. Tangi la mazutu alilijaza mpaka shingoni, kwa sababu tangi lenye nafasi hutoa jasho, na jasho hilo ni maji. Bomba la moshi aliliziba kwa kitambaa, maana nyigu wa kule hujenga nyumba ya udongo mahali popote penye tundu. Kila Jumamosi tuliizungusha moteri kubwa kwa mkono, bila kuiwasha, kiasi cha kuyapandisha mafuta yake. Kuiwasha hakuthubutu. Mngurumo wa kamio lile ulijulikana mtaani kama sauti ya padri.

Kwa nje, gari lilikuwa maiti. Yeye mwenyewe alilipaka tope, akawaachia kuku walalie ndani ya kabini. Watu wa serikali walikuja mara mbili kutafuta magari ya kuchukua, wakaona magogo, kuku na kutu ya kupakwa, wakaenda zao. Gari zima lilikuwa linachukuliwa. Gari bovu lilikuwa linaachwa. Huo ndio uliokuwa ugumu wa kazi yetu. Tulitakiwa kulitunza liwe hai na tulitakiwa lionekane limekufa.

Na hapo ndipo gurupu lilipokuwa na maana. Moteri kubwa haikuweza kuamka bila batri mbili zenye nguvu, na batri zikikaa bila kulishwa hufa katika miezi michache. Gurupu ndilo lililozilisha. Lakini gurupu nalo lilikuwa na masharti. Esanse ikilala ndani yake inageuka ulimbo na kuziba vijitundu vya karbiratere. Na likiwashwa lizunguke bure, bila mzigo, linajichafua koo, moshi unakuwa mweusi na buji, yaani plagi, zinalowana. Linataka kazi. Kila wiki ya pili, saa moja na nusu, liwe limebeba kitu kizito.

Kitu kizito tulichokuwa nacho ni jiko la umeme. Batri peke yake hazikutosha kulichosha gurupu. Kwa hiyo kila Jumatano ya pili tulipika maharage. Yalilowekwa tangu jana yake, sufuria ikajazwa kwa sababu sufuria ndogo haikuwa mzigo wa kutosha, na kwa saa moja na nusu gurupu lilifanya kazi kama mtu mzima. Likimaliza, Baba alifunga kirubini, ile koki ndogo ya esanse, na kusubiri. Hakulizima kwa kubonyeza. Aliliacha linywe lililobaki kooni mpaka linyamaze lenyewe, ili lisiachiwe ulimbo.

Kelele zake zilifunikwa na jirani. Upande wa pili wa ukuta aliishi Mwislamu mmoja wa ukoo wa wale wafanyabiashara wa zamani wa ziwa, mwenye mashine ya kusaga mihogo. Siku za Jumatano mashine yake ilipiga kelele tangu asubuhi, na ndani ya kelele ile gurupu letu lilikuwa kama mtu anayepiga chafya sokoni. Alijua. Alimwita Mama dada, basi Baba akawa shemeji yake, na shemeji hutaniwa.

"Shemeji, Mzungu wako akirudi," alisema juu ya ukuta, "mwambie minye ndiye nilimufichia mutoto."

Sufuria ile ilikuwa kubwa kwa watu watatu. Mama alikataa yatupwe. Akaanza kuwaita watu: mwenye mashine, halafu mvuvi mmoja wa Mulongwe aliyepita kila siku na ndagala, halafu mwimbaji wa kanisa aliyeishi mbele yetu, mtu mkubwa mwenye shingo ya ng'ombe. Maharage yalinuka esanse kidogo na kila mtu aliyasema vibaya. Mvuvi aliapa kwamba akiyala anapanda mlima bila kupumzika. Baba hakufurahi, kwake kila mdomo uliokula ulikuwa mdomo unaoweza kusema. Waligombana juu ya hilo, naye Mama akawa anamwambia yeye atunze chuma chake na amwachie watu. Nilikuwapo Jumatano nyingi. Nilikula, nilicheka, na niliona kwamba Mama huwaangalia wageni mabega kabla ya uso. Nilichukulia kuwa ni utani wake.

Hivyo tukaishi kama miaka miwili, labda zaidi kidogo. Wakati huo ndio ninaouota mpaka leo. Nimeishi sehemu nyingi tangu hapo na sikupata tena kazi iliyonieleza kila asubuhi kwa nini ninaamka.

Halafu mazutu yakaacha kuja. Barabara ya Bukavu ilikuwa na vizuizi, kila kizuizi na watu wake, na tulianza kusikia habari za waasi milimani na bondeni, vijana waliopakwa dawa wasidhurike na risasi. Wengine mtaani waliwaogopa, wengine waliwasubiri, na wengi walifanya yote mawili kutegemea wanazungumza na nani. Mwenye mashine alisaga mihogo ya mwisho, akaufunga mkanda wa mashine kwa gunia, na Kasenga ikawa kimya. Hatukuwa tumejua mtaa wetu una kimya kirefu namna ile. Ulisikia mtu akikohoa nyumba ya nne.

Jumatano yetu ikafika, tukaogopa kuwasha. Ya pili yake vilevile. Baba alipima batri kwa glasi yake ya kupimia maji ya asidi, akaniangalia. Hapo ndipo nilipokumbuka meli ya saruji.

Nilimweleza kuhusu bomba linalotokea chini ya maji. Alisikiliza kwa muda mrefu. Hakuwa mtu wa ziwa, alikuwa Mfuliiru wa milimani, na maji kwake yalikuwa adui wa chuma. Lakini batri zilikuwa zinakufa mbele ya macho yake. Tukafunga bomba refu kwenye moshi wa gurupu, tukalipindisha, tukauingiza mdomo wake ndani ya pipa la maji. Tulipovuta kamba, gurupu liliamka na kukoroma kama mtu chini ya blanketi. Ukisimama barabarani hukusikia kitu. Mwenye mashine alipanda juu ya ukuta kuhakikisha tumewasha.

Baba aliweka sharti moja, na alinifanya nilirudie kwa mdomo wangu: bomba litoke majini kwanza, ndipo gurupu linyamaze. Moteri ya moto ikinyamaza inavuta pumzi kwa nyuma, alisema. Ikikuta hewa, itavuta hewa. Ikikuta maji, itakunywa maji.

Mara tatu tulifanya vizuri. Mara ya nne Baba alikuwa matangani Mulongwe, na nilikuwa peke yangu na maharage. Katikati ya saa ile nilisikia sauti za vijana barabarani, wakimuuliza mwenye mashine nani hapa ana gari. Walikuwa na bunduki, niliona mitutu juu ya ukuta. Jirani alijibu polepole sana, akiwarefushia maneno, akiwaeleza habari za magari yaliyokuwako zamani enzi za pamba. Maji kwenye pipa yalikuwa yanachemka povu, na niliona kwamba mmoja wao angegeuza kichwa tu, angeuliza povu lile ni nini. Nikang'oa waya wa buji. Gurupu likanyamaza papo hapo. Nilisimama nimeshika waya, jasho likinitoka, mpaka walipoondoka. Ndipo nilipolitoa bomba majini.

Nilijua nilichofanya? Nimejiuliza miaka ishirini. Nilijua kwamba nimekosea utaratibu. Sikutaka kujua zaidi ya hapo. Baba aliporudi aliniuliza kama maharage yameiva, nikasema yameiva.

Wiki mbili baadaye alivuta kamba na kamba ikakataa. Alijaribu tena, taratibu, kama mtu anayejaribu mlango wa mgonjwa. Akafungua buji, akaingiza kijiti chenye kitambaa ndani ya tundu. Kitambaa kilitoka na rangi ya matofali. Pistoni ilikuwa imeshikwa na kutu.

Hakunigeukia mara moja. Alikunja kitambaa kile mara mbili, akakiweka juu ya meza.

"Ulizima kwanza," alisema. "Bomba ukatoa nyuma."

"Ndiyo, Baba."

Nilimweleza habari za vijana na mitutu. Alisema nimefanya vizuri kuzima, maana wangelikuta gurupu wangelichukua na kutuvunja. Kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia jioni ile ile. Jioni ile, alisema, maji yangekuwa bado maji. Angeyatoa, angetia mafuta, angekuwa ameliponya. Wiki mbili ndizo zilizoyafanya kutu. Akaenda kutafuta mafuta ya taa.

Tulichanganya mafuta ya taa na mafuta ya moteri, tukayamimina ndani ya tundu la buji, tukaacha yanyonywe. Kila asubuhi Baba alishika gurudumu la gurupu kwa mikono miwili na kulisukuma mbele na nyuma, bila nguvu, akisikiliza. Ukilazimisha, alisema, pete zinavunjika. Batri, zilizokuwa zimeshachoka tangu zile Jumatano tulizoogopa kuwasha, zilikuwa zimekufa kabisa sasa. Hakukuwa na mtu wa kuazima kwake. Magari yote ya Uvira yalikuwa yameshachukuliwa pamoja na batri zake. Kulisukuma kamio lile ili liwake, katika ua wa mchanga, kungetaka watu arobaini na mteremko tusiokuwa nao. Mama alijua yote hayo. Hakunilaumu, na jambo hilo lilinichoma zaidi ya lawama. Aliendelea kuchambua ndagala na kuwaita wale wale watatu Jumatano, ingawa maharage sasa yalipikwa kwa makaa.

Siku ya nane, asubuhi, tulisikia risasi bondeni, upande wa barabara ya Bukavu. Kabla ya saa tatu barabara ilikuwa imejaa watu wenye magodoro kichwani, wakielekea Kavimvira na mpaka wa Burundi. Baba hakutoka kuangalia. Alikuwa ameshika gurudumu. Akalisukuma, likasogea kidole kimoja, likasogea viwili, likazunguka. Akapangusa tundu, akatia buji mpya aliyoificha tangu enzi za mpimaji, akavuta kamba. Lilitoa moshi mweupe, likapiga mlipuko, likawaka.

Sikuwa nimetarajia. Lilipiga kelele mtaani bila bomba wala maji, na Baba akaunga batri. Nilikimbilia pine, nikaanza kuzitoa chini ya kitanda. Mama akaniuliza, kutoka barazani, batri zitataka muda gani. Baba ndiye aliyejibu, bila kumwangalia. Mpaka jioni.

Risasi zile hazingengoja jioni. Mtu yeyote mwenye masikio alijua.

Baba alisema tusubiri. Alisema saa nne zingeweza kutosha, kama batri ya kulia ingeshika. Alisema miaka yote hii hakulilinda gari ili Mama aende kama gunia. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Mama alimwacha amalize.

"Minye siendi na gari," alisema. "Minye naenda na watu. Ona, wamekuja."

Walikuwa wamesimama mlangoni, mwenye mashine, mvuvi na mwimbaji. Hakuna aliyewaita. Watu wa nyumba zao walikuwa wameshatangulia barabarani, na wao wakageuza njia. Mwimbaji alikuwa amejifunga shuka kiunoni tayari. Nikahesabu mabega, yao na yangu, nikaona tuko wanne, na nikaelewa Jumatano zote zile kwa pamoja. Baba alikuwa anatunza gari kwa ajili yake. Yeye alikuwa anatutunza sisi.

Kitanda cha turubai tulikitoa ndani ya gari-nyumba. Tukakifunga kwenye mbao mbili za kupimia ardhi, zile za namba nyekundu na nyeusi, kwa mkanda wa mashine ya mihogo. Tulipomwinua, Mama aliangalia mbao chini yake, akacheka mpaka kitanda kikayumba.

"Wazungu wamekwenda," alisema, "sasa minye ndiyo napanda kipoyi." Kipoyi ni kile kiti ambacho Wazungu walibebwa nacho mabegani mwa watu.

"Dada, Mzungu alikuwa mwepesi," alisema mwenye mashine.

Baba alikuwa bado nyuma. Tulimsubiri tukiwa na mzigo mabegani, tukimwita. Nikachungulia. Alikuwa amefunga kirubini cha esanse na kusimama na mikono nyuma, akisubiri gurupu linywe lililobaki kooni. Risasi zilikuwa zinakaribia, na yeye alisubiri. Liliponyamaza, aliziba bomba kwa kitambaa, akafunga sanduku, akatufuata.

Sina mengi ya kusema juu ya barabara. Ilikuwa na vumbi, joto, na watoto waliopotea wakishika nguo za mtu yeyote. Watu walitupisha, nadhani zile mbao zenye namba ziliwafanya wafikiri ni jambo la serikali. Tulipumzika kila mara mwimbaji aliposema, kwa sababu ndiye aliyekuwa na pumzi ya kuhesabu hatua. Mama hakutania tena baada ya Kavimvira. Alishika kingo za kitanda kwa mikono yote miwili na kuangalia mbele, na mara moja tu aliuliza kama tunaumia. Baba alitembea kando, upande wa miguu yake. Mpakani askari wa Burundi alituangalia, akaangalia kitanda, akatupungia mkono tupite.

Tulimtua Gatumba, kwenye kivuli cha ghala la pamba, pamoja na mamia ya watu wengine. Mwenye mashine alikunywa maji, akasema anarudi kumchukua mama yake mzazi aliyekataa kutoka asubuhi. Baba akasimama papo hapo. Angerudi naye, alisema. Gurupu linawaka sasa. Usiku mmoja wa kulisha batri, na asubuhi angekuwa barabarani. Alinigeukia mimi na kuniambia nimsaidie kuvalisha pine.

Nilisema siwezi. Sikuwa na sababu nzuri ya kumpa. Mabega yangu yalikuwa yametoka damu, lakini hiyo haikuwa sababu. Nilihofu kwamba tungefika, gari lingekataa, naye angekunja tena kitambaa kile mara mbili mbele yangu.

Mama hakubishana naye. Alimuuliza tu, akirudi na asipovuka tena, nani atamgeuza kitandani usiku huu. Kazi ya kumgeuza ilikuwa ya Baba, tangu homa ile. Hakuna mwingine aliyewahi kuifanya. Baba alisimama kidogo, akiangalia njia tuliyotoka. Mwenye mashine aliondoka bila kumsubiri. Ndipo Baba akaketi.

Sikuwahi kurudi Uvira. Nilisikia, miaka mingi baadaye, Kigoma, kutoka kwa mtu aliyemfahamu mtu, kwamba gari-nyumba lilichukuliwa na waasi, au na jeshi, na kwamba mwenye mashine alifika kwa mama yake. Habari za njiani, sizithibitishi. Kila garaji nililofanyia kazi, watu wamenishangaa kwa jinsi ninavyozima mashine, na kwa jinsi ninavyokiri kosa siku ile ile, hata dogo, hata kabla sijaulizwa. Wengine wamenifukuza kwa hilo.

Nilikaa nao Gatumba siku tatu. Siku ya nne lori la mchanga lilikuwa linakwenda Usumbura, bandarini, na shofere alikubali kunichukua. Ilikuwa mchana. Nilikwenda kuaga. Baba alikuwa amelala chini kando ya kitanda, mdomo wazi, kwa mara ya kwanza tangu gurupu lishikwe. Mkono wake ulikuwa juu ya mguu wa Mama, ameushika kwenye kifundo, kama mtu anayeogopa kitu kisiondoke na maji. Mama aliweka kidole mdomoni nisimwamshe. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba ninakwenda. Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba alijua tangu siku ya mabega.

"Iko amenishika bado?" aliniuliza. "Minye sisikii."

Niliangalia ule mkono mweusi kwa grisi, kucha zake zilizovunjika.

"Bado, Mama," nilisema. "Amekushika."

Akafumba macho. Lori lilipiga honi barabarani, nami nikaenda.